Harufu ya Vidonge vya Mwalimu Wegesa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya dawa lilikuwa kutaka stoo yangu isinuke. Nililifanya nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwezi wa pili tangu nikabidhiwe ufunguo, na nililifanya kwa uangalifu mkubwa: mikono imeoshwa kwa sabuni, sinia limechemshwa, kitambaa kimepigwa pasi. Watu wengi hukosea kwa uzembe. Mimi nilikosea kwa usafi, na ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba lilikuwa kosa.

Habari hii imenirudia kwa sababu ya msiba. Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Wegesa huko Nyamuswa, mwanamke aliyefundisha watoto kusoma, kisha akawafundisha na wazazi wa watoto hao. Baada ya mazishi nilikaa na mjukuu wake, ambaye ana duka la dawa Bunda, kule Kabasa, akanionyesha vidonge alivyokuwa akimeza bibi yake mpaka juma la mwisho. Vilikuwa vidogo, vyeupe, kila kimoja kimefungiwa peke yake katika karatasi inayong'aa. Nilitoa kimoja nikakinusa, halafu nikakinusa tena. Yule binti akacheka, akasema, "Babu, hiyo hainukagi." Nilimjibu kwamba zamani ilikuwa inanuka, akanitazama kwa heshima ambayo vijana humpa mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Nilirudi Musoma na basi la mchana, na njia nzima nilikuwa na harufu ile puani, ingawa ndani ya basi hapakuwa na kitu cha namna hiyo.

Ni harufu ngumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kufungua chupa yake. Si ya kuoza. Ni kama ini lililokaushwa na kusagwa. Nyuma yake kuna kitu cha ngozi ya mbuzi iliyotundikwa siku tatu, na ukivumilia, mwisho kabisa unapata utamu fulani kama wa mchuzi ulioganda chini ya chungu. Vidonge vyenyewe vilikuwa na rangi ya udongo mkavu. Vilitengenezwa Ulaya kwa tezi ya shingo ya nguruwe: inakatwa, inakaushwa, inasagwa, inashindiliwa. Mtu ambaye tezi yake mwenyewe imekufa au imeondolewa humeza ya mnyama, na mwili unakubali. Akikosa, hafi siku hiyo. Anapoa polepole kama chungu kilichotolewa motoni, mpaka moyo nao unapoa.

Ulikuwa mwaka wa kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Malori yalikuwa yakipita Musoma yamebeba miti ya nyumba, mabati, kuku na bibi vizee waliokaa juu ya vitanda vyao, yakienda kuwapanga watu kwenye mistari iliyopimwa kwa kamba. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Nyasho, na kazi yangu ilikuwa stoo na dirisha la dawa katika hospitali ndogo hapo mjini. Sikuwa nimesomea. Nilimaliza darasa la nane, nikaajiriwa kufagia, na jioni nikawa nasoma karatasi zinazowekwa ndani ya maboksi ya dawa, nikitafuta neno moja moja katika kamusi isiyo na jalada. Daktari wetu, mzee mmoja wa Bukoba aliyeitwa Kahwa, alinikuta siku moja nikimsahihisha mtu wa stoo aliyekuwepo juu ya dawa ya kifafa. Yule mtu alipostaafu, nikapewa ufunguo. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Niliamini kwamba siku moja angekuja mtu mwenye cheti, aangalie rafu zangu, na kwa jambo dogo sana, lebo iliyopinda au kizibo kisicho chake, ajue mara moja kwamba nimejifundisha mwenyewe. Kwa hiyo niliandika lebo upya mara mbili, mara tatu. Vidonge vya mgonjwa nilivihesabu mbele yake, nikavirudisha, nikavihesabu tena, na foleni ikaguna.

Mwalimu Wegesa alikuwa mgonjwa wangu wa kila mwezi. Alifundisha shule ya msingi upande wa Butiama, na nyumbani kwa mume wake kulikuwa Nyamuswa. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikatwa rovu Mwanza, uvimbe mkubwa wa tezi ya shingo uliokuwa unamzuia kumeza, na madaktari waliondoa karibu tezi yote pamoja nalo. Alibaki na kovu jembamba shingoni, ambalo alilifunika kwa ushanga mweupe, na vidonge viwili kila asubuhi kwa maisha yake yote. Katika mkoa mzima nilijua watu wawili tu waliotumia dawa hiyo, yeye na mzee mmoja wa Bunda aliyekuwa na chupa yake katika zahanati ya huko. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi, anayeongea kama anayekimbia mvua. Alinizidi umri kwa miaka kumi hivi. Ndiye aliyenipa penseli nyekundu na kuniambia niandike barua kila mwezi, barua ya lolote, nimpe dirishani, naye angenirudishia mwezi unaofuata ikiwa imesahihishwa. Sikuwahi kuwa na mwalimu mwingine wa maandishi. Ninavyoandika sasa ni yeye.

Mwezi ule wa pili ilifika chupa mpya kutoka Mwanza, kubwa kuliko za nyuma. Nilipoifungua mbele yake harufu ilitoka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia. Mwalimu Wegesa alirudisha kichwa nyuma, akasema kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho, "Bwana Dawa, leo unanipa kidonge au unanipa furu?" Furu ni wale samaki wadogo wa ziwani tuliowakausha kwetu. Watu wakacheka. Mama mmoja akaongeza kwamba kumbe hospitali wamefungua mwalo, na vyombo vya uvuvi vitatia nanga saa ngapi. Ulikuwa utani mzuri. Hata mimi nilitabasamu. Lakini masikio yaliwaka moto, kwa sababu mimi ni mtoto wa rasi, wa kijiji cha wavuvi, na shuleni bwenini wenzangu walikuwa wakiziba pua nikifungua sanduku langu. Nilikuwa nimefika mjini, nimevaa koti jeupe, na harufu ile ilikuwa imenifuata hadi dirishani.

Sasa nieleze nilivyofikiri, kwa sababu naona aibu zaidi kwa mawazo kuliko kwa kitendo. Kwetu, samaki akinuka vibaya baada ya kukaushwa hatupwi, wala hafichwi. Maana yake hakukauka sawasawa. Anarudishwa juani, anageuzwa, anafukuziwa kunguru, na baada ya siku chache harufu inakwisha na samaki anakaa miezi. Mama yangu aliweza kunusa gunia na kusema linahitaji jua la siku ngapi. Mimi nikanusa chupa ile na nikasema: siku tano. Kwenye lebo kulikuwa na maelezo ya Kiingereza, kwamba dawa iwekwe ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, mahali pakavu, pasipo joto wala mwanga. Niliyaelewa maneno yote. Nilichagua lile lililokubaliana na mama yangu: pakavu.

Nyuma ya stoo palikuwa na kibaraza cha saruji kilichopata jua tangu saa tatu asubuhi. Nilivimwaga vidonge kwenye sinia, nikavifunika kwa shashi, kitambaa chepesi cha bandeji, nikavianika. Kila nilipopata nafasi nilitoka kuvigeuza kwa kijiko. Baada ya siku tano nilivirudisha kwenye chupa, lakini sikuifunga kwa kizibo chake. Niliifunika kwa kipande cha shashi nikaiweka dirishani, upande wa ziwa, ili ipumue. Ikakaa hivyo majuma. Harufu ilipungua, kisha ikaisha kabisa. Vidonge vilipauka kidogo na kingo zikaanza kumomonyoka, nami nikaona ni dalili ya ukavu mzuri. Siku moja Daktari Kahwa alipita, akasimama mlangoni, akavuta pumzi na kusema kwamba tangu aje Musoma hajaona stoo inayopumulika namna hii. Maneno hayo niliyabeba mpaka Nyasho kama mtu aliyepewa zawadi. Nikala ugali wa muhogo peke yangu chumbani, na niliyarudia kati ya tonge na tonge.

Mwezi uliofuata Mwalimu Wegesa alikuja mwepesi kama kawaida. Alipokea vidonge, akavinusa na kunisifu kwamba nimevifundisha adabu. Mwezi wa pili alikuja amevaa sweta ingawa kulikuwa na joto, akasema ni upepo wa ziwa tu; sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa, na barua yangu aliirudisha imesahihishwa nusu. Alisema alisinzia katikati. Mwezi wa tatu aliingia polepole, akishika ukuta. Uso ulikuwa umevimba, hasa chini ya macho, na nyusi zilikuwa zimeanza kukatika upande wa nje. Aliniita kwa jina la kaka yake. Alipogundua, alicheka, lakini kicheko kilichelewa kufika. Nilihesabu vidonge vyake mara tatu. Mikono yangu ilijua. Nilikuwa nimesoma karatasi ya dawa ile neno kwa neno, na dalili zote za mtu asiyeipata zilikuwa zimesimama mbele yangu zimevaa sweta. Nikamfungia kifurushi, nikampa, nikamtakia safari njema.

Nimejaribu kwa miaka mingi kuandika kwamba mwezi ule wa tatu sikuwa na hakika. Si kweli. Nilikuwa na hakika, ila nilikuwa na kitu kingine pia, maneno ya Daktari kuhusu stoo inayopumulika, na sikuweza kuyarudisha.

Chumba changu cha Nyasho kilitenganishwa na cha mama mwenye nyumba kwa ukuta wa matete uliopakwa udongo upande mmoja tu, na jioni, yeye akichambua dagaa, nilisikia kila kitu. Jioni moja alikuwa na mgeni wake, dada mmoja aliyetoka Butiama kwa mambo ya kuhamia kijiji kipya. Walizungumza juu ya nani kapewa kiwanja chenye mawe na nani kabaki na mji wake, boma lake la zamani, kwa ujanja. Kisha mgeni akasema kwamba yule mwalimu mwembamba si mwembamba tena, kwamba anasinzia ubaoni akiwa amesimama na chaki mkononi, na watoto wanamsubiri aamke kama wanavyosubiri kengele. Mama mwenye nyumba akauliza ni ugonjwa gani. "Ugonjwa gani, dada? Si mke mwenzie," akasema mgeni. "Yule mdogo, Nyabise. Si ndiye anayempikiaga uji? Wamemrudisha mwalimu Nyamuswa akalale, na mzee anataka kumrudisha Nyabise kwao." Mama mwenye nyumba akasema taratibu kwamba mke akirudishwa, watoto hubaki kwa baba yao, na nikasikia dagaa wakidondoka kwenye ungo. Chakula changu kilikuwa mbele yangu. Nilikimaliza. Nalisema hili kwa sababu ningependa kuandika kwamba kilinishinda.

Siku nne baadaye mwalimu mwenzake alikuja na kijibarua: Wegesa hawezi kupanda basi, tafadhali mtumieni dawa. Daktari Kahwa alikuja stoo mwenyewe. Alishusha chupa kutoka dirishani, akaondoa shashi, akaitazama shashi, kisha akaweka pua mdomoni mwa chupa. Halafu akaniuliza bila kunitazama, "Harufu yake imekwenda wapi?"

Nilimwambia labda ni chupa ya zamani. Labda ilikaa sana bandarini. Nilisema kwa ufasaha, kwa sauti ya mtu aliyesoma, na nadhani ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kikazi. Alinieleza pale pale, kwa upole, kwamba dawa hii ni nyama, na nyama hii nguvu yake inapotea ikikutana na joto na unyevu. Hakuna anayeweza kujua kilichobaki ndani ya vidonge hivi, pengine robo, pengine hakuna. Hakusema kwamba ni mimi. Alisema niende Bunda asubuhi ileile, niwaombe zahanati watugawie kutoka kwenye chupa ya mzee wao, kisha niipeleke dawa Nyamuswa kwa mkono wangu. Alinipa barua na maelekezo: aanze na nusu kidonge, si viwili, maana moyo uliopoa ukipashwa moto ghafla unapasuka. Aliniamini. Hilo ndilo lililonisindikiza njia nzima.

Bunda walinipa bila maneno mengi. Mhudumu alifungua chupa, na harufu ikatoka ikajaa chumba, ini na ngozi na mchuzi, na nikasimama pale nikaivuta kama mtu aliyekosa hewa. Kwenda Nyamuswa nilipata lori la pamba lililokuwa limegeuzwa kubeba nguzo za nyumba za watu. Nilikaa juu ya nguzo na wanaume watatu na mbuzi, kichupa kikiwa kwenye mfuko wa shati. Jua lilipokipasha, mmoja wa wale wanaume akaanza kunusa huku na huku, akamwangalia mbuzi, akaniangalia mimi. "Mura, kijana, wewe umefia ndani au umebeba mboga?" Wenzake wakacheka. Nilitoa kichupa mfukoni, nikakifunga kwa leso na kukiweka kivulini chini ya goti langu, na sikuona aibu yoyote. Nilishangaa nilivyokosa aibu.

Mume wa Mwalimu Wegesa aliitwa Mzee Magoto, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe, mrefu, mtu wa maneno machache. Mji wake ulikuwa umehamishwa majuma machache tu kabla ya hapo, na nyumba mpya ilikuwa na kuta za udongo ambazo hazijakauka. Alama za vidole vya waliokandika zilionekana bado. Chumbani mlikuwa na ubaridi wa mtungi. Mwalimu Wegesa alikuwa amelala kitandani mchana mweupe, amejifunika blanketi mbili, na kulikuwa na jiko la mkaa karibu na miguu yake. Alifungua macho, akanitambua baada ya muda, akasema polepole, neno moja moja, kwamba Bwana Dawa amekuja nyumbani na hakuna samaki. Nilipiga magoti nikampa nusu kidonge na maji. Alikiweka karibu na pua kabla ya kukimeza. "Kinanuka," akasema, kama mtu anayemtambua ndugu.

Walinikaribisha chakula barazani na Mzee Magoto: ugali wa mtama, mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Aliyeleta maji ya kunawa alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, na baada ya kutunawisha alikimbilia upande wa jikoni. Huko kulikuwa na wanawake wa jirani, na mmoja wao alikuwa akisema, bila kushusha sauti, kwamba tangu mwenzake aache kupika uji mgonjwa ameanza kufungua macho, wenye akili waone. Kupitia mlango niliona mwanamke kijana amekaa peke yake mbali na moto, mikono juu ya mapaja, haina kazi. Katika mji wenye mgonjwa wa namna ile, mwanamke asiyepewa kazi ya jikoni amekwisha kuhukumiwa. Nilimuuliza Mzee Magoto kama yule ndiye Nyabise. Akasema ndiye. Akasema kaka zake wanakuja Jumamosi kumchukua, na akasukuma bakuli la mlenda upande wangu, maana nilikuwa sijala.

Nilimwambia kwamba uji haukuwa na kosa. Nilitaka kuanza na chupa ya zamani na bandari, maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa vizuri. Badala yake nilisema, "Mzee, dawa ya mama niliiua mimi. Niliianika juani kwa sababu inanuka. Nimempa vidonge vilivyokufa miezi mitatu, na mwezi wa tatu nilijua."

Hakunipiga, ingawa niliona mkono ukihama. Aliniuliza dawa inaanikwaje. Nikamweleza, sinia, shashi, kijiko, yote, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Akaniuliza dawa hiyo ni kitu gani hata iharibiwe na jua. Nikamwambia ni kinyama cha shingoni, cha nguruwe. Akaweka kidole chini ya koo lake, mahali penyewe, akasema anakijua. Akichinja ng'ombe, hicho wanawatupiaga mbwa. Halafu akasimama, akaniambia nimfuate, akanipeleka mpaka mlango wa jikoni mbele ya wale wanawake, akasema, "Sema tena. Kwa sauti."

Nikasema tena. Ilikuwa vigumu zaidi mara ya pili, kwa sababu sasa nilijua sentensi inakoishia. Yule jirani aliyekuwa akiongea alianza kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nyabise hakulia wala hakunishukuru. Alinyanyuka akaja karibu, akanitazama tangu viatu mpaka kola, na akasema kwa sauti ndogo, "Ungechelewa mpaka Jumamosi, mimi ningekuwa kwa baba na wanangu wako hapa." Kisha akachukua mwiko kutoka mkononi mwa jirani, akaketi mbele ya chungu.

Nililala pale siku sita kumwangalia mgonjwa, nikiongeza dawa kidogo kidogo kama nilivyoelekezwa. Siku ya tano aliomba blanketi moja iondolewe. Nilikuwa sijamwambia yeye mwenyewe. Nilidhani mume wake amemwambia, kumbe mzee alikuwa ameniachia mimi. Siku hiyo nilimwambia, nikikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, na nilimweleza hata ule utani wa furu, ingawa nilijua kwamba kuutaja ni kama kumgawia lawama. Alisikiliza amefumba macho, nikafikiri amesinzia. Kisha akasema nisimfanye yeye sababu. Watu watacheka kila siku, akasema, na dawa itabaki dawa. "Ulikuwa unaniandikia barua kila mwezi," akasema. "Barua tatu. Nilizisoma zote. Herufi ulizipanga vizuri, na hukuniambia kitu." Hilo ndilo alilonilaumu, na hakulirudia tena maisha yake yote.

Musoma nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Kahwa kabla ya kufika Nyasho kuoga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema alikuwa amekwisha kuviona vipande vya vidonge kwenye kibaraza, siku niliyoondoka. Akasema kuanika dawa ni ujinga, na ujinga unafundishika. "Lakini ile chupa ya zamani, Masatu?" Alichukua ufunguo, akaniweka chumba cha vidonda, nikafua na kukunja bandeji mpaka pamba ilipovunwa. Hatimaye alinirudishia. Aliuweka mezani, akaendelea kuandika.

Mwalimu Wegesa alirudi darasani muhula uliofuata. Nyusi ziliota, sauti ikarudi na haraka yake. Yeye na Nyabise walizeeka katika mji mmoja, na Nyabise ndiye aliyemfumba macho. Vidonge vile vya kunuka viliacha kuja baada ya miaka michache, vikaja hivi vyeupe. Mimi nilipelekwa kusoma, nikapata cheti, nikafanya kazi ya dawa miaka thelathini na moja, na nilikosea mara nyingine nyingi, kwa kipimo, kwa jina, kwa haraka. Bado naogopa kukosea kama nilivyoogopa nikiwa na miaka ishirini na miwili, hilo halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba nikikosea, namwambia mwenye kuumia siku hiyohiyo, kabla sijala.